Tarishi Asiyeambiwa Aende Wapi

Saa mbili na robo asubuhi mlango wa vioo wa duka la picha umefunguliwa nusu, na foleni imeshafika kwenye ngazi. Nyuma ya kaunta, chini ya kibao kilichoandikwa MAULIZO, ameketi mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ana kompyuta mbili. Moja ni ya kazi ya kaunta. Nyingine ameigeuza isionekane na wateja, na skrini yake ni nyeusi tupu isipokuwa mistari ya maandishi meupe inayopanda polepole.

Mteja wa kwanza ni mwanamume aliyevaa ovaroli yenye mafuta ya gari. Anataka picha za mwanawe za siku ya mahafali.

"Hazipo, baba," mwanamke anamwambia.

"Hazipo vipi? Risiti hii hapa."

"Risiti ni ya kweli. Picha ndizo hazipo. Zilifutwa. Nazitafuta tawi baada ya tawi, na tawi lenu bado sijalifikia. Nikizipata nitakupigia simu. Nisipozipata nitakupigia vilevile."

Fundi magari anatamka neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, anaikunja risiti na kuondoka. Mwanamke hashtuki. Anageukia ile skrini nyeusi, anaandika mstari mmoja, anabonyeza.

"Haya, nenda," anaiambia mashine, kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

Wafanyakazi wenzake wanamwita Bi Amri. Jina alipewa zamani, wakati kazi yake ilikuwa kuamrisha kompyuta kutwa nzima: hii ifanye hili, ile ifanye lile. "Nyumbani hakuna aliyenitii, hata paka," anasema. "Lakini hapa kazini, mimi nikikohoa tu mashine za matawi yote zinasimama wima."

Wakati huo alikuwa na chumba chake ghorofani, chenye feni na dirisha. Leo yuko Maulizo, kwa nusu ya mshahara aliokuwa akipata, na anashinda akiwaambia watu kwamba kumbukumbu zao zimekwenda na maji.

Kwa kweli hata hilo la kuwaambia hakutumwa. Chini ya kaunta, upande ambao mteja haoni, imebandikwa karatasi yenye jibu moja ambalo kila anayekaa kiti hicho anatakiwa kulitoa: "Inashughulikiwa." Bi Amri hajawahi kulitamka. Kwa sababu hiyo ameshapewa onyo mara mbili.

"Mtu ukimwambia inashughulikiwa, wiki ijayo atarudi," anasema. "Atatoa nauli, atapigwa na jua, atasimama kwenye foleni ile na moyo juu juu. Halafu utamwambia tena inashughulikiwa. Bora nimuumize mara moja akalie kwao. Mimi najua kusubiri picha kukoje."

Anajua kweli. Katika maelfu ya picha zilizopotea, kuna moja ya mume wake, marehemu sasa. Ni picha pekee nzuri aliyowahi kupigwa mtu yule, na asubuhi hii Bi Amri bado hajui kama ipo duniani.

Kampuni hii ina matawi mengi, na matawi yenyewe yanafanana kama ndugu: chumba kimoja, pazia, taa mbili, mpiga picha mmoja na kompyuta kuukuu. Picha zote zinazopigwa matawini hukusanywa kwenye kompyuta moja kubwa ya makao makuu, ambayo wenyewe huiita seva. Huko ndiko zilikokaa harusi za watu, watoto wao wachanga, mahafali yao na wazee wao waliokwisha kwenda.

Zamani picha hizo zilikusanywa kwa miguu. Kulikuwa na mfanyakazi aliyezunguka tawi hadi tawi na begi la diski mgongoni, na mfanyakazi huyo alikuwa Bi Amri mwenyewe. Viatu vilimwisha, mgongo ukamuuma, akachoka. Akajiandikisha masomo ya jioni na kujifunza kuandika skripti.

Skripti, kwa asiyejua, ni maagizo yaliyoandikwa ambayo kompyuta huyasoma toka juu mpaka chini na kuyatimiza bila kuuliza maswali. Hiyo ndiyo sifa yake. Balaa yake pia ni hiyo hiyo.

Skripti aliyoandika Bi Amri aliipa jina: Tarishi. Yeye akiwa amekaa kwenye kiti chake makao makuu, Tarishi alipita njia ya mtandao mpaka kwenye kompyuta ya tawi, akabisha, akatoa neno la siri, akaingia, akafanya huko alichoagizwa kama vile mwenyewe yupo pale. Nenda tawi la stendi, angalia kuna picha gani mpya. Zilete hapa. Ukishazileta, safisha kule ili diski yao isijae. Kila Jumatatu, kabla ya chai, matawi yote yalikuwa yamekwisha.

"Nilimpa tabia moja," Bi Amri anasema, na hapa anaivua miwani. "Nilikuwa mvivu wa kuandika kitu mara mbili. Kazi nyingine nazitaka zifanyike kule tawini, nyingine hapa hapa kwenye seva. Nikamwambia Tarishi: nikikutajia tawi, nenda kwenye tawi hilo. Nisipokutajia, fanya hapa."

Anaifuta miwani kwa ncha ya mtandio.

"Ilikuwa raha. Miaka yote hiyo ilikuwa raha tu. Nilikuwa nikimtumia peke yangu, na tabia yake naijua."

Mume wake alikuwa fundi wa kufuli na funguo, mrefu, mwenye maneno mengi, ambaye hakuna siku aliyovaa kofia ikakaa katikati ya kichwa. Alipoanza kuugua maini alikonda upesi. Siku moja, alipopata nafuu kidogo, Bi Amri alimpeleka tawi la sokoni apigwe picha angali na uso wake.

Mpiga picha wa tawi hilo, ambaye watu wote wanamjua kwa jina la Cheka Kidogo kwa sababu ya maneno anayowaambia wateja, anaikumbuka siku hiyo. "Nilimwambia avue kofia, inatia kivuli," anasema. "Akanijibu, 'Nikivua kofia nani atanijua?' Tukacheka wote. Nikampiga hivyo hivyo, nyuma yake pazia la buluu. Ilitoka vizuri sana, hata yeye mwenyewe aliipenda."

Picha ikapanda kwenye seva pamoja na nyingine. Bi Amri hakuichapa.

"Ningeichapia nini? Ilikuwa kwenye seva yangu. Nikitaka kuiona nafungua naiona." Anatabasamu bila furaha. "Mganga hajigangi. Miaka mingapi nimetunza picha za watu, ukutani kwangu kuna kalenda tu."

Muda mfupi baadaye hali ya mume wake ikageuka, akalazwa. Bi Amri akaomba ruhusa. Mwenye kampuni, ambaye wafanyakazi humwita Tajiri akiwa hayupo na Bosi akiwepo, alikubali kwa sharti moja: kazi isisimame. Mpwa wake angeshika nafasi kwa muda.

Huyu mpwa naye ana jina lake la kazini. Wanamwita Mjomba Kasema. Ukimuuliza kwa nini taa zimezimwa, mjomba kasema. Ukimuuliza kwa nini mapumziko yamefupishwa, mjomba kasema. Ni kijana mpole, nadhifu, hana ubaya wa makusudi, na ile skrini nyeusi ilikuwa inamtisha.

"Aliniambia, 'Dada, mimi hayo maandishi siyawezi. Nitengenezee kitufe,'" anakumbuka Bi Amri. "Nikamtengenezea. Niliandika wakati wa chakula cha mchana, begi la hospitali liko mapajani, simu inalia. Ukurasa mmoja tu: juu unachagua tawi, chini unabonyeza Safisha. Basi. Nikawahi gari."

Hakuweka kinga yoyote ya mtu kubonyeza bila kuchagua. Halikumjia akilini kabisa. Nani anamtuma tarishi bila kumwambia aende wapi?

Mume alifariki ndani ya wiki hiyo. Siku ya mazishi ilitakiwa picha ya kuweka mbele ya watu, na iliyopatikana ilikuwa ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka macho yakawa madoa mawili. Mama mzazi wa marehemu aliitazama mara moja akageuza uso. "Huyu simjui," alisema.

"Nikamwambia, mama, ile nzuri ipo kazini," anasema Bi Amri. "Ile ya kofia. Usijali. Nikirudi tu kazini nakuletea."

Jumatatu iliyofuata, yeye akiwa bado amekaa msibani, Mjomba Kasema alifungua ule ukurasa, hakuchagua tawi, akabonyeza Safisha.

Tarishi hakutajiwa mahali. Akafanya hapa hapa.

Mjomba Kasema hasiti kueleza. Anasema kwa upole wote, mikono juu ya meza iliyokuwa ya Bi Amri: "Ilikaa kimya sana. Nikadhani haijasikia, nikabonyeza tena. Baadaye ikaandika: Tayari, hakuna kosa. Mimi ningejuaje?"

Na kwa kweli mashine haikusema uongo. Iliambiwa isafishe, ikasafisha. Seva ya makao makuu, iliyobeba picha za watu wa miaka na miaka, ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Nakala zilizokuwa matawini nazo zilikwisha kufutwa zamani, kila Jumatatu, na Tarishi huyo huyo, kwa sababu zilikuwa salama makao makuu.

Nakala nyingine ya akiba haikuwepo. Kila mwaka Bi Amri aliomba inunuliwe seva ya pili, na kila mwaka Tajiri alimjibu vilevile: hii haijawahi kuharibika, ya pili ni ya nini?

Yote hayo pengine yangeokolewa. Kompyuta haichomi moto picha inayoifuta. Bi Amri anaeleza kama anavyowaeleza wateja: "Chukulia nyumba ya kupanga. Mpangaji kahama, jina lake limetolewa mlangoni, lakini vyombo vyake bado vimo ndani. Ukiwahi, unavikuta. Ukichelewa, ameingia mpangaji mwingine, kavitupa."

Mjomba Kasema hakumpigia simu mtu wa kuwahi. Alipogundua seva ni tupu alijaribu kuitengeneza mwenyewe: akaifuta yote na kupakia mfumo mpya juu yake, ianze upya. Wapangaji wapya wakaingia nyumba nzima siku moja.

"Sikutaka kumsumbua mtu mwenye msiba," anasema.

Bi Amri aliposimuliwa sababu hiyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Alinihurumia," anasema. "Yaani maadui zangu wote hawajawahi kunifanyia alichonifanyia huyu mtoto kwa huruma yake."

Aliporudi kazini aliitwa kwenye kikao. Kilikuwa kifupi. Tajiri aliuliza swali moja: hii programu nani aliandika? Mimi, akajibu. Kikao kikaisha. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walisahau kusema lolote kuhusu aliyemfundisha mjumbe njia.

Wapo kazini wanaonong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Yeye hakatai. Ni mtu asiyependa kujitetea, na hilo linaudhi kidogo ukimsikiliza, maana unatamani ajitetee.

"Kosa langu lipo," anasema. "Ulihitajika mstari mmoja tu: ukikuta jina la tawi ni tupu, simama. Mstari mmoja. Nimeshauandika sasa, na haukunichukua muda mrefu kuliko kunywa glasi ya maji." Kisha sauti inabadilika. "Lakini mimi nimeadhibiwa kwa mstari niliouacha nikiwa nakimbilia hospitali. Aliyebonyeza kapewa chumba changu na feni yangu. Mlangoni wamemwandika Meneja wa Mifumo. Mifumo! Kitufe kimoja!"

Yapo matumaini madogo, na ndiyo anayoyafanyia kazi kutoka kwenye kiti cha Maulizo. Kompyuta za matawini ni kuukuu na diski zake ni kubwa. Picha zilizofutwa huko, baadhi bado zimelala mahali pake, zinasubiri mpangaji mpya. Na mpangaji mpya ni nani? Ni kila mteja anayekuja kupigwa picha. Kila anayekaa mbele ya pazia na kutabasamu, picha yake inakaa juu ya mtu wa zamani.

Bi Amri alipanda ghorofani kumwomba Tajiri jambo moja tu: matawi yasipige picha kwa siku mbili. Siku mbili angeweza kuyapitia yote.

"Aliniambia, 'Mama, mtu anayetaka pasipoti anaitaka leo. Siwezi kufunga biashara ya walio hai kwa ajili ya picha za zamani.'"

Akaruhusiwa kujaribu kwa namna hii: tawi moja moja, saa za kazi tu kwa kuwa duka likifungwa umeme unazimwa, na asiwapunguzie wateja mtandao. Kwa hiyo kati ya mteja na mteja anamtuma Tarishi. Anamtajia tawi, siku hizi hathubutu kutomtajia. Tarishi anaingia kule, anaikwangua diski, anarudi na alichopata. Mtandao wa baadhi ya matawi ni bomba la maji ya kudondoka. Unaweka ndoo, unaendelea na mambo mengine.

Ilibidi aamue aanze wapi. Tawi la sokoni, alikopigwa mume wake, ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Akili yake ilimwambia kwamba huko kila saa inafuta wengine, na pengine wengi wameshakwisha, ilhali kwenye matawi yaliyopoa bado kuna watu wa kuokoa. Akaanza na yaliyopoa.

Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alimuuliza usiku huo wakiosha vyombo: "Kwa nini usianze na baba?"

"Nikamweleza hesabu. Ni mtoto wa hesabu, anazipenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani chini, akasema, 'Mama, wewe ni mtumishi mzuri sana.' Hakusema nami tena mpaka wiki ilipoisha."

Hesabu ilikuwa sahihi. Watu wengi wamerudishiwa picha zao, nyingine nzima, nyingine na mikwaruzo. Fundi cherehani mmoja alipata ya baba yake, akakaa kwenye ngazi za duka na kulia waziwazi mchana kweupe. Mwanamke mmoja alitukana alipoambiwa hazipo, akarudi kuomba radhi zilipopatikana, akatukana tena alipoona moja haina miguu.

Na hawakosekani wa kumfanya Bi Amri acheke. Kuna bwana aliyekuja kuulizia picha za harusi.

"Hazipo, baba."

"Hata moja?"

"Hata moja. Tawi lenu nimelimaliza. Samahani sana."

Bwana alishusha pumzi, akainama karibu na kioo. "Mungu mkubwa," alinong'ona. "Mama wa nyumbani ni wa pili. Alikuwa anataka kuziona hizo za wa kwanza." Akaondoka anapiga mluzi.

Huko sokoni Cheka Kidogo naye alijaribu msaada wake. Asubuhi moja aliwaambia wateja kamera inaumwa, akafunga pazia, akakaa nje. Aliijua maana ya kila picha mpya. Kabla ya adhuhuri Mjomba Kasema alifika na pikipiki, kamera ya akiba imefungwa kwenye taulo, akimpa pole kwa kuharibikiwa.

"Siku hiyo nilipiga watu wengi kuliko siku zote," anasema Cheka Kidogo. "Kila nikimwambia mtu cheka kidogo, namwona yule bwana wa kofia. Nasema moyoni, nisamehe kaka, huenda ndiyo nakufuta."

Zamu ya tawi la sokoni ilifika siku ya mvua. Bi Amri aliiombea mvua hiyo, kwa kuwa watu wa sokoni wakilowa hawapigi picha. Tarishi alikwenda saa tano asubuhi. Mwandishi wa makala haya alikuwepo kwenye kaunta, na mchana binti naye alifika akitoka shule, sare imelowa mabegani, akavuta kigoda bila kuulizwa.

Picha zinazorudi kwa njia hii hazina majina, zina namba tu. Hakuna namna ya kutafuta isipokuwa kutazama moja moja. Mama na binti walitazama. Paji la uso la bibi harusi. Mtoto mchanga kuanzia kidevuni kwenda juu. Wanaume watatu wameshikana mabega, wa tatu ni bega tu. Kompyuta huisoma picha kutoka juu kwenda chini, na pale mpangaji mpya alipoingia, sehemu yote inayofuata inakuwa ya kijivu.

Mara tatu mteja alikuja, na mara tatu Bi Amri alinyanyuka akasema alichozoea kusema: hazipo, nitakupigia, nisipozipata nitakupigia vilevile. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Saa tisa hivi binti alishika mkono wa mama yake.

Kwenye skrini kulikuwa na pazia la buluu, na taa ikiwaka juu yake vizuri. Katikati ya pazia kulikuwa na kofia. Imelalia upande wa kushoto, ukingo wake umeinuka kidogo, na chini ya ukingo huo pameonekana uzi mwembamba wa ngozi ya paji la uso. Baada ya hapo, kijivu mpaka chini.

"Ni baba," binti alisema.

Bi Amri akasogeza picha inayofuata, kisha inayofuata, akitafuta nyingine ya pazia hilo, maana Cheka Kidogo huwa anapiga mara mbili. Walikuwa watu wengine. Walikuwa watu wengine mpaka mwisho. Tarishi alimaliza kazi yake, akaandika kwenye skrini nyeusi maneno yale yale anayoandika siku zote: Tayari. Hakuna kosa.

Hapo ndipo alipolia. Alilia ameketi wima, bila kufunika uso, na mteja aliyekuwa anakuja aliona, akarudi nyuma akajifanya anasoma bei za fremu.

"Ningeanza na sokoni ningempata," alisema alipoweza kusema. "Wiki ya kwanza angekuwepo mzima. Nilifanya haki kwa watu wote. Watu wote!"

Binti alimwekea mkono mgongoni. Safari hii hakumwambia kwamba ni mtumishi mzuri.

Bi Amri ataacha kazi mwisho wa mwezi, akishayamaliza matawi mawili yaliyobaki. Ameshazungumza na mwenye duka la vifaa vya shule mtaani kwao, ampe pembe ya kuweka meza na mashine ya kuchapia. Watu watamletea picha zilizo kwenye simu zao, naye atazichapa kwenye karatasi.

"Watu wanacheka, wanasema hiyo biashara imekufa. Acha wacheke," anasema. "Karatasi inaliwa na mchwa, inaungua, inalowa. Sawa. Lakini hakuna mtu atakayekaa mbali huko, kwenye feni, abonyeze kitufe aifute ukutani kwangu."

Tarishi atamwachia Mjomba Kasema, akiwa na ule mstari mmoja ndani yake. Ukimbonyeza bila kumtajia mahali, sasa anauliza: niende wapi? Kisha anakaa anasubiri jibu.

Kazi ya kwanza ya kuchapa ameshaifanya. Ni ile kofia. Jumamosi aliipeleka kwa mama mkwe wake, ndani ya bahasha, akamkuta kibarazani anakunja nguo. Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akaitazama picha kwa karibu, na uso wake ukafunguka wote.

"Hii kofia!" alisema. "Nilimwambia mara ngapi aivae sawasawa? Mtoto huyu hasikii."

Akacheka. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kofia, kisha chini yake, kwenye kijivu, mpaka mwisho wa karatasi. Akaigeuza akatazama nyuma. Akairudisha.

"Na ile yenye uso," aliuliza, "inakuja lini?"

Mwanamke ambaye hajawahi kumdanganya mteja, aliyeonywa mara mbili kwa kukataa neno moja, aliangalia nguo zilizokunjwa.

"Inashughulikiwa, mama," alisema.

"Haya, mwanangu," bibi akajibu, akaiegemeza picha ukutani. "Mimi nipo. Nitasubiri."